Hiyo Si Hoja

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, na jua lilitoka kwa ghadhabu likavukiza madimbwi yaliyokuwa mbele ya duka la dawa. Katika sebule iliyo nyuma ya duka hilo, wanaume watatu walikuwa wameketi kumzika Mungu, kama walivyofanya kila Jumamosi. Na kama ilivyokuwa kila Jumamosi, marehemu alikuwa bado hajafa.

Mwenye nyumba aliitwa Dokta. Hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha kozi fupi ya uuzaji wa dawa, ambacho alikitia fremu ya kupakwa dhahabu na kukitundika mahali ambapo mteja hawezi kuepuka kukiona. Wateja walimwita Dokta, naye hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Kulia kwake aliketi Wakili, ambaye kweli alikuwa wakili, ingawa mahakamani alijulikana zaidi kwa tai zake kuliko kwa kesi alizoshinda. Kushoto aliketi karani wa bima ambaye watu walimpa jina la Ushahidi, kwa kuwa hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Aliwahi kuuliza hivyo kwa sauti kwenye harusi ya dada yake, padri alipotamka kwamba ndoa ile imeunganishwa mbinguni. Dada yake hajasema naye tangu siku hiyo. Ushahidi analihesabu jambo hilo kuwa ushindi.

Walijiita Waliofumbua Macho. Majirani waliwaita Wapagani wa Duka la Dawa, kisha wakaenda kununua dawa palepale.

Kundi lilikuwa na kanuni nyingi, lakini iliyofuatwa ilikuwa moja. Mtu yeyote akiingiza mama yake, mtoto wake, ndoto yake au machozi yake katika mjadala, wenzake walimkatiza kwa sauti moja: "Hiyo si hoja." Aliyekatizwa alipaswa kufunga mdomo mpaka mwingine aseme. Kanuni hiyo aliibuni Dokta mwenyewe, na aliipenda kama watu wengine wanavyompenda kitinda mimba.

Siku hiyo kikao kilikuwa na kazi. Wiki moja baadaye Dokta angepanda jukwaani katika ukumbi wa mji kujadiliana na mhubiri wa hospitali ya misheni. Mada ilikuwa kama binadamu aliumbwa au alitokana na mageuko ya viumbe. Mabango yalikuwa yamebandikwa mji mzima. Moja lilibandikwa kwenye lango la hospitali yenyewe: Dokta upande huu, mhubiri upande ule, wote wamekunja mikono kifuani kama mabondia walionyimwa glavu.

Tatizo lilikuwa dogo, lakini la aibu. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyeyaelewa mageuko. Walijua kuyatetea. Walijua kumcheka asiyeyakubali. Lakini mtoto wa jirani alipomwuliza Ushahidi kwa nini nyani wa leo hawageuki kuwa watu, Ushahidi alimjibu kwamba nyani hao ni wavivu, na jibu hilo sasa lilikuwa likitembea mtaani lenyewe kwa miguu yake. Ndiyo maana walikuwa wamemwalika mwalimu.

Alifika akiwa na mkoba mzito na viatu vya matope. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa biolojia katika chuo cha ualimu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka viti vya nyuma. Mke wa Dokta, fundi cherehani ambaye hushona sare za shule katika pembe ya sebule hiyohiyo, alimletea chai. Mwalimu alimshukuru. Kisha akainamisha kichwa, akachezesha midomo kidogo, akainua kikombe.

Ushahidi alimkodolea macho.

"Mwalimu," alisema Ushahidi, "umefanya nini hapo?"

"Nimeshukuru kwa chai."

"Umemshukuru nani?"

"Aliyeipika nimekwisha kumshukuru mbele yenu. Aliyebaki ni Mungu."

Wakili aliweka kikombe chini kana kwamba kimeokotwa jalalani. Darasa la mageuko halikuanza. Kilichoanza ni kesi. Wakili alimtaka mwalimu achague upande. Ushahidi aliuliza ushahidi uko wapi mara mbili mfululizo, ya pili kwa huzuni. Dokta, kama mwenyekiti, alisema kwa upole unaouma kwamba walitarajia mwanasayansi, si mtu wa kupiga magoti na kupima damu kwa wakati mmoja, na kwamba mshika mawili, moja humponyoka.

"Na aliyeshika moja asilolijua?" aliuliza mwalimu. "Humponyoka nini?"

Mwalimu alikuwa na dharau yake pia, na hakujisumbua kuificha. Aliona wanaume watatu wazima waliojinunulia imani mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na watu wengi mno ndani yake. Alifungua mkoba, akatoa chaki, na kwa kuwa ubao haukuwepo, akaandika juu ya kifuniko cha meza ya cherehani bila kuomba ruhusa.

Aliwaambia kwamba hakuna nyani anayegeuka, wala mtu aliyegeuka. Kinachobadilika ni kizazi baada ya kizazi. Katika kila kundi viumbe hawafanani. Mazingira yanaua baadhi, yanabakiza baadhi. Waliobaki ndio wanaozaa. Wakili aliuliza kama upo mfano mfupi, utakaoingia katika dakika chache za jukwaani, tena usiohusu nyani, kwa sababu nyani wameharibiwa na Ushahidi.

"Upo," alisema mwalimu. "Chukua kidonda. Ndani yake kuna vijidudu wasiohesabika, na hawalingani nguvu. Mpe mgonjwa nusu dozi. Dawa itaua nani kwanza?"

"Walio dhaifu," alisema Wakili.

"Mgonjwa anapata nafuu, anaacha dawa. Waliobaki ni akina nani?"

"Wenye nguvu."

"Nao watazaa akina nani?"

Ushahidi alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuonekana akifikiri.

"Wenye nguvu wenzao," alisema Dokta taratibu.

"Basi mmeyaelewa mageuko. Mengine ni mapambo. Kila nusu dozi ni shule, na wanaofaulu humo si wagonjwa."

Dokta alijipiga paja kwa furaha. Alisema hapo mhubiri amekwisha. Wakili aliandika maneno yale upande wa nyuma wa bahasha. Walipongezana. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia mlango wa duka, ambapo mkasi ulikuwa ukining'inia kwa kamba kwenye kaunta. Mkasi huo ulikuwa ndio moyo wa biashara. Kwa mkasi huo Dokta alizikata karatasi za vidonge vipande vipande: vitatu kwa mbeba mizigo, vinne kwa mama mwenye haraka, viwili kwa aliyekuwa na hela ya viwili. "Ukipata nafuu, acha," aliwaambia wote. "Dawa nayo ni sumu." Watu walimpenda kwa hilo. Walisema Dokta hana tamaa, hakulazimishi kununua boksi zima.

Fundi cherehani alitokea penye pazia la chumba cha uani, sinia mkononi.

"Baba watoto, samahani. Mama joto limepanda tena. Naomba uje umwone."

Ushahidi aliinua kidole, akitabasamu. "Shemeji, hiyo si hoja."

Wakili alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Dokta naye alicheka; alichelewa kidogo kuliko wenzake, lakini alicheka. Mkewe alisimama pale na sinia lake. Kisha, kwa kuwa wageni wa mume ni wageni wa mke, alicheka kidogo na yeye. Baadaye aliweza kuwasamehe wote watatu, lakini kicheko chake mwenyewe hakukisamehe.

Mwalimu hakucheka. Aliomba maji ya kunawa chaki, na njia ya kwenda kwenye maji ilipita nyuma ya pazia.

Chumba kilikuwa kidogo na safi, na kilikuwa na harufu ambayo usafi haukuweza kuiondoa. Mama mzazi wa Dokta alikuwa ameegemea mito miwili. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Mkanda wa ndala ulikuwa umemchubua mguu, mchubuko ukawa kidonda, na kidonda sasa kilikuwa kimepita kifundo kikipanda juu.

"Wewe ndiye mwalimu wa nyani?" aliuliza mama.

"Ndiye mimi, Mama."

"Wameelewa?"

"Wanasema wameelewa."

"Huyo wangu ni mwepesi. Tangu mdogo ukimwambia jambo mara moja, analirudia neno kwa neno."

Juu ya kigoda palikuwa na sahani ya vidonge vya rangi tatu. Mwalimu aliuliza habari zake. Mama alieleza kwa fahari, kama anayeonyesha picha za wajukuu. Vyekundu vilikuwa vya mwanzo. Alipata nafuu, mwanawe akamwambia aache. Kidonda kikarudi, akapewa vya njano. Akapata nafuu, akaacha. Kikarudi tena. Sasa alikuwa kwenye vya kijani, na vya kijani vilikuwa vikivuta miguu kidogo.

"Na unameza tu, Mama, huulizi?"

"Mwanangu hamwamini Mungu," alisema mama. "Mimi namwamini Mungu, na mwanangu pia namwamini. Katika nyumba hii lazima awepo wa kuamini. Tukiacha wote, nani atafungua mlango asubuhi?"

Mwalimu alirudi kwa njia ya duka. Dokta alikuwa kaunta, akimhudumia mteja. Mwalimu alisubiri mteja aondoke.

"Ule mfano wangu," alisema, "umelala nyuma ya pazia lako."

Dokta alisema anaijua hali ya mama yake. Mwalimu akamwambia kwamba mguu ule unahitaji daktari mpasuaji leo, si kesho, na kwamba mji mzima una mmoja tu, naye yuko hospitali ya misheni, mtaa wa pili. Dokta aliangalia barabarani. Ni kweli, alisema, alikuwa amelifikiria hilo. Lakini mwalimu amelipita lango lile. Ameliona bango.

"Unataka nipite chini ya picha yangu mwenyewe, nimemshika mama mkono, naingia kwa mhubiri kuomba msaada? Wiki hii?"

"Huingii kwa mhubiri. Unaingia kwa daktari."

"Watu hawataliona hivyo. Jumapili ya wiki ijayo, asubuhi na mapema, mdahalo umekwisha, nitampeleka mwenyewe. Ni siku chache."

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu bila kusoma swali. Alisema, "Usingoje." Kisha akapokea bahasha ya ada yake, akaitia mkobani, akaondoka. Barabarani alifikiri kurudi amwambie mke. Lakini jua lilikuwa kali, na nyumbani alikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Jumatano asubuhi Dokta alikuwa mbele ya kioo cha kunyolea, akijifunza kusema "wanaofaulu humo si wagonjwa" kwa kunyoosha mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Wa kushoto ulipendeza zaidi. Mkewe alisimamisha cherehani.

"Nilimsikia Mwalimu siku ile."

"Alisema mengi."

"Ile ya nusu dozi. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Imethibitishwa."

"Basi Mama je?"

Dokta alishusha mkono. Alisema, kwa utulivu wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mkewe anachanganya mambo mawili. Ule ulikuwa mfano wa kufafanua nadharia. Mama si mfano. Mama ni mama, na mwili wake anaujua yeye aliyetoka ndani yake. Jioni angembadilishia dawa. Alikuwa na nyeupe, mpya, zenye nguvu.

"Ngapi?" aliuliza mkewe.

"Za kuanzia."

Mkewe alikuwa na la kusema. Lakini katika nyumba ile kila ombi liligeuzwa kuwa hoja, na kila hoja ilikuwa na mshindi mmoja, na miaka mingi ya kushindwa humfanya mtu aupende mlio wa cherehani. Alirudi kwenye sare zake. Zilikuwa za shule ya misheni, na Dokta hakuwahi kuona ubaya wa pesa zilizotoka kule.

Mchana wa siku hiyohiyo mhubiri aliingia dukani kununua pipi za koo. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye saa nzito. Walisalimiana kwa heshima ya watu wanaotarajia kuchinjana hadharani.

"Unaitunza sauti, mtumishi?" aliuliza Dokta.

"Naitunza. Na wewe uitunze. Usije ukasema uliirithi kwa nyani."

Walicheka wote. Mhubiri aliuliza kama mama hajambo, maana siku nyingi hajamwona ibadani. Dokta alijibu kwamba hajambo, amechoka tu. Mhubiri alisikia harufu ikitoka uani. Alidhani ni mtaro, kisha akaikumbuka hoja yake ya pili, ambayo alikuwa bado hajaiweka sawa, akaisahau harufu. Dokta alimkatia pipi kwa mkasi.

Jumamosi ya mdahalo ilipambazuka na mawingu. Mama aliamka akizungumza na mumewe aliyekufa zamani. Vidole vya mguu vilikuwa vyeusi. Dokta aliingia chumbani akiwa amevaa suti, akatazama, akampa vidonge viwili vyeupe na maji, akamwekea kitambaa kipya. Alimwambia mkewe kwamba kesho alfajiri wataondoka. Kisha akambusu mama yake kwenye paji la uso, jambo alilolifanya mara chache, akaenda ukumbini akiwa na Wakili na Ushahidi, ambao walikuwa wakimngoja nje, wamevaa tai.

Mkewe alisubiri mpaka wakakunja kona. Hakuwa na ujasiri wa ghafla. Alikuwa na hofu ya kubaki peke yake na maiti. Aliita teksi. Yeye na dereva walimbeba mama wakampitisha dukani, mbele ya cheti chenye fremu, na muda si mrefu walikuwa chini ya lango la misheni. Mama alifumbua macho akaliona bango.

"Ametoka vizuri," alisema.

Daktari mpasuaji alikuwa kijana mwembamba asiyependa maneno. Aliondoa kitambaa, akauliza mgonjwa ametumia dawa gani. Fundi cherehani alizitaja kwa rangi, na baada ya kila rangi akasema, "akapata nafuu, akaacha." Alipofika kwenye nyeupe, daktari alikuwa hamsikilizi tena. Alisema mguu hautapona kwa dawa yoyote aliyokuwa nayo hospitalini. Kama wataanza sasa hivi, atakata chini ya goti. Wakingoja, hajui atakata wapi, wala kama itafaa kitu.

Homa ilikuwa imeshuka kidogo kwa sindano, na mama alisikia kila neno.

"Sawa," alisema. "Lakini sikatwi mwanangu hayupo. Yeye ndiye anayenitibu."

"Mama, hakuna muda," alisema mkwewe.

"Muda upo. Mpigieni tu. Akisikia ni mimi, atakuja."

Walipiga simu. Ilikuwa imezimwa, ukumbini ilikuwa amri kuzima simu. Walipiga tena, na tena. Daktari alimweleza mama kwa upole, kisha kwa ukali. Mama alikataa kwa adabu, amekunja mikono kifuani, kama kwenye bango. Mwishowe muuguzi mkuu aliandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi na kumtuma dereva wa gari la wagonjwa ayapeleke ukumbini. Dereva hakuwa na mazoea na Dokta. Alimjua mhubiri.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Dokta alikuwa katikati ya siku njema kuliko zote za maisha yake. Alikuwa ameueleza ule mfano wa kidonda na nusu dozi, ameunyoosha mkono wa kushoto, na watu ambao hawakukubaliana naye walikuwa wameitikia kwa vichwa bila kutaka. Hata mabibi wa kwaya waliona kwamba jambo lile lina mantiki. Mhubiri alijibu vibaya. Alichanganya mistari, akatoka jasho, na hoja yake ya pili ilimkimbia kabisa. Ndipo dereva alipopanda jukwaani kwa kunyata, akamtia karatasi mkononi.

Mhubiri aliisoma. Meza ya Dokta ilikuwa upande wa pili wa jukwaa, umbali wa kunyoosha mkono mara mbili. Angeweza kusogea akamnong'oneza. Angeweza kumpa karatasi. Aliyafikiria yote mawili, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya kupita kiasi. Kisha akakichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "mwenzangu ametuambia kwamba hamhitaji Mungu wangu. Lakini saa hii ninaposema nanyi, mama yake mzazi amelala katika hospitali ya Mungu wangu. Mguu umeoza. Madaktari wameshika visu, wanamngoja mwana aje. Namwuliza mbele yenu: utakwenda, ndugu yangu, au utaendelea kutusimulia habari za vijidudu?"

Ukumbi uliguna kwa pamoja. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote alizotoa siku hiyo, naye alijua, na uso wake uling'aa.

Kwa muda mfupi uso wa Dokta ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa nyumbani. Aliujua mguu. Aliijua harufu. Alijua, kabla ya mtu yeyote kumwambia, kwamba mkewe amempeleka. Alishika ukingo wa meza kama anayetaka kuinuka. Ndipo alipomwona Wakili katika safu ya mbele, ameinua nyusi, na kando yake Ushahidi, ameinua kidole. Alikumbuka kwamba wahubiri ni watu wa hila. Alikumbuka kwamba alikuwa na dakika nne zake zote za kufunga, ambazo hajazigusa.

Alikaribia kipaza sauti.

"Hiyo si hoja," alisema.

Ushahidi aliruka juu. Wakili alifuata, kisha vijana wa chuo waliokuwa nyuma, wakaimba kwa makofi: si hoja, si hoja. Makofi kama hayo hayakuwahi kusikika katika ukumbi ule. Dokta aliinua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, akazitumia dakika zake nne mpaka ya mwisho. Msimamizi alimpa ushindi.

Aliwasha simu akiwa kwenye ngazi za kutokea, watu wanampiga mabegani. Alisoma ujumbe wa mkewe, akaanza kutembea haraka, kisha akakimbia. Alipofika langoni aliliona bango. Mtu alikuwa amechora mkia kwenye picha yake. Watu walikuwa wamesimama hapo, wengine waliotoka ukumbini wakitembea mwendo wa raha. Dokta alisita. Halafu akazunguka ukuta mzima wa hospitali, akaingia kwa mlango wa nyuma, wa kufulia mashuka.

Mama yake alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni pa chumba cha upasuaji. Alikuwa macho.

"Umeshinda?" aliuliza.

"Nimeshinda, Mama."

"Nilijua." Alimgeukia daktari. "Haya, kateni. Amekuja."

Daktari mpasuaji alichora mstari juu ya goti kwa kalamu ya wino. Dokta aliuliza, kwa sauti ya mtaalamu anayezungumza na mtaalamu, kama haiwezekani chini ya goti. Daktari aliweka kidole chini ya goti.

"Hapa palikuwa pa asubuhi," alisema, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Yaliyofuata ni haya. Mhubiri alihubiri Jumapili juu ya mguu wa yule mama, na sadaka ilikuwa nzuri kuliko kawaida. Mwalimu alisikia habari chuoni. Alitunga swali la mtihani juu ya nusu dozi, nusu ya darasa ikakosea. Wakili alichapisha hotuba ya Dokta katika kijitabu na akaweka jina lake mwenyewe kama mhariri. Ushahidi alikwenda hospitali kumjulia hali mama, akaiona shuka ilivyolala bapa upande mmoja, hakuuliza chochote, na hakurudi tena kwenye vikao vya Jumamosi.

Fundi cherehani alihamishia cherehani yake katika chumba cha uani, karibu na kitanda, na tangu hapo wageni wa mumewe walijipikia chai. Mama alirudi nyumbani na magongo mawili. Daktari alimpa dawa za siku nyingi na kumwamuru azimalize zote. Alipofika nyumbani alimpa mwanawe boksi zima, ayaangalie maandishi, amwambie ni zipi za kumeza na lini aache.

Jumatatu iliyofuata mdahalo, Dokta alikuwa amefungua duka saa ya kila siku. Mteja wa kwanza alikuwa mbeba mizigo mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Alimpongeza kwa ushindi, akasema yeye hakuelewa yote lakini ile ya vijidudu aliipenda. Kisha akaomba vidonge vitatu. Dokta alishusha karatasi ya vidonge kutoka rafuni, akavuta mkasi kwa kamba yake, akamkatia.